Anwani ya Muda: Petro Alipokuwa Mgeni Kando ya Bahari



Vijana wapendwa, kuna maneno mawili ambayo sisi tunaohamahama tunayasema kila siku: "kwa muda." Hapa nakaa kwa muda. Kazi yenyewe ni ya muda. Godoro liko chini kwa muda, hela ikipatikana nitanunua kitanda. Mwisho wake maneno hayo yanaingia mpaka kwenye mambo ya Mungu. Sijajiunga na jumuiya, si unajua niko hapa kwa muda tu. Kusali kwa sasa kumelegea kidogo, nikishatulia nitajipanga.

Naandika haya nikiwa Bagamoyo. Nimekuja kwa mkataba wa miezi sita, na miwili imeshakatika. Nimepanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye vyumba sita. Choo, bomba na uwanja wa kuanikia nguo ni vya wote. Nimetokea mkoa wa Iringa, kwenye baridi la kuvaa masweta mawili, kwa hiyo wiki ya kwanza nililala na feni usoni na bado shuka likaloa jasho. Maji ya kisima yana chumvi, sabuni inagoma kutoa povu. Nusu ya nguo zangu zinaishi kwenye begi. Najua siko peke yangu. Wapo wenzangu walio field Mtwara, wengine wamepata ajira Tanga, wengine wanasoma Mombasa, na wengine wamefuata kibarua Kilwa wasijue kesho watakuwa wapi. Kwa ajili yetu sote naomba tusome pamoja sehemu moja ya Maandiko. Chukua Biblia yako, fungua Matendo ya Mitume, anzia sura ya 9 aya ya 36 uende mpaka sura ya 10 aya ya 23.

Mtume kwenye nyumba ya mtengeneza ngozi

Petro hakuwa na nyumba Yafa. Alikuwa mji wa Lida, akaitwa haraka kwa sababu Tabitha, mama mmoja mwanafunzi wa Bwana aliyekuwa akiwashonea wajane nguo, alikuwa amefariki. Petro akaenda, akapiga magoti, akasali, na Tabitha akarudi kuwa hai. Wahenga wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Yafa methali hiyo ilitimia neno kwa neno.

Kazi iliyompeleka ikawa imekwisha. Angeweza kufunga safari arudi. Lakini Luka anaimaliza sura ya 9 kwa aya fupi ambayo wengi tunairuka tukikimbilia maono ya sura ya 10. Anatuambia kwamba Petro alikaa Yafa siku nyingi, kwa mtu mmoja aitwaye Simoni, mtengeneza ngozi. Baadaye tunaambiwa nyumba yenyewe ilikuwa kando ya bahari.

Hebu ione nyumba hiyo. Kazi ya ngozi ina harufu kali. Wayahudi wengi waliidharau, maana mwenye kuifanya anashikashika mizoga, na kwa Sheria kugusa mzoga kulimtia mtu unajisi. Huyu ndiye aliyempokea mkubwa wa Mitume. Chumba hakikuwa chake, jirani hakuwachagua yeye, na harufu hakuizoea. Ndugu yangu unayelala karibu na mnada wa samaki, unaona kwamba una mwenzako?

Sasa angalia Petro anafanya nini humo. Saa sita anapanda darini kusali. Sisi Waswahili hapa hatuhitaji mtu wa kutufafanulia, maana Biblia inahesabu saa kama tunavyohesabu sisi: saa sita ni adhuhuri, jua la utosi, saa ileile ambayo leo kengele ya kanisa inatuita kusali Malaika wa Bwana. Njaa inamuuma, chakula kinaandaliwa chini, na yeye anasali. Hakusema atasali vizuri akirudi Yerusalemu. Alipanda kwenye dari la watu, na mbingu ikafunguka hapohapo. Akaona kitu kama shuka kubwa likishushwa, limejaa wanyama ambao Myahudi hawali, akaambiwa asikiite najisi alichokitakasa Mungu. Kanisa lilianza kuwafungulia mlango watu wasio Wayahudi, yaani mimi na wewe, likitokea kwenye nyumba ambayo Petro alikuwa mgeni wa siku kadhaa tu.

Mungu anayo anwani yako

Kitu kinachonigusa zaidi kipo upande wa pili wa habari hii. Kule Kaisaria, siku moja kabla, malaika anamtokea Kornelio, akida wa Kirumi. Malaika hamwambii tu kwamba kuna mtu anaitwa Petro, amtafute. Anampa maelekezo kamili: mji ni Yafa, mwenye nyumba ni Simoni mtengeneza ngozi, nyumba iko kando ya bahari. Kama vile sisi tunavyomwelekeza dereva wa bajaji.

Vijana, Mungu anajua unapokaa kwa muda. Hakungoja Petro apate nyumba yake ndipo amtumie ujumbe. Sisi ndio tunaodhani kwamba maisha yenye maana yanaanza mambo yakikaa sawa: nikipata ajira ya kudumu, nikijenga, nikioa, nikiolewa. Kwa Mungu hakuna chumba cha kusubiria maisha. Chumba ulichopanga kwa miezi mitatu anakijua, na kazi anaweza kukutuma humohumo.

Tazama na wale watumwa wa Kornelio walipofika. Walisimama mlangoni wakauliza kama Simoni aitwaye Petro anakaa hapo. Jibu lilipatikana, na mgeni wa nyumba ile aliulizwa kwa jina lake.

Hapo lazima niwasimulie jambo. Siku ya nne tangu nihamie kwenye nyumba yetu, usiku wa manane, mama wa chumba cha pili aligonga milango yetu. Alikuwa amesikia mtu akiguna kwenye chumba cha mwisho. Tukaita, kimya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, ikabidi uvunjwe. Tukamkuta kijana sakafuni, mwili unawaka moto, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Muuguzi, kama ilivyo kawaida, akauliza: jina la mgonjwa? Tukatazamana. Mimi nilikuwa na siku nne, lakini hata waliomkuta pale mwanzo hawakulijua. Wote walimwita "jamaa wa mwisho." Mwenye nyumba anakaa Dar es Salaam, simu yake usiku ule haikupatikana. Simu ya mgonjwa ilikuwa na neno la siri. Ndugu zake wapigiwe wapi? Ni wa kabila gani, dini gani, kuna dawa zinamdhuru? Hakuna aliyejua. Kwenye fomu akaandikwa hana jina, kijana wa kiume.

Namshukuru Mungu, ilikuwa malaria kali na alitibiwa akapona. Nilipokwenda kumtazama siku ya tatu nikakuta rozari mkononi mwake, kumbe ni Mkatoliki mwenzangu. Nikamuuliza amekaa pale muda gani. Akacheka kwa aibu. "Nilikuja kwa miezi mitatu tu," akasema. "Mwezi ujao natimiza miaka miwili."

Miaka miwili ya kwa muda! Kadi yake ya ubatizo iko nyumbani kwao, jumuiya hajulikani, majirani anawapungia mkono akipita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasubiri tu, na kusubiri kukamla siku zake moja moja bila kelele.

Bandari moja, watu wawili

Yafa ina mgeni mwingine katika Biblia, aliyemtangulia Petro kwa karne nyingi. Ni nabii Yona. Alipotumwa Ninawi alishuka Yafa, akakuta merikebu, akatoa nauli, akajificha chini kabisa, akalala usingizi (Yona 1:3-5). Yona alikwenda pwani ili asijulikane. Petro alikaa pwani, akajulikana. Yona aliwakimbia watu wa mataifa. Petro aliwafungulia mlango. Yona alilala chini, Petro alisali juu. Bandari ni ileile.

Mji mgeni una raha yake, tusidanganyane. Mama hayupo wa kuuliza umerudi saa ngapi. Katekista aliyekufundisha hakuoni. Ndiyo maana wengi wetu tunafanya ugenini mambo ambayo nyumbani tusingeyathubutu. Tunahamia kwa mtu na kuanza kuishi kama mume na mke "kwa muda, kupunguza kodi." Tunazoea pombe kwa sababu jioni ni ndefu na chumba kinaboa. Tunajiambia hii siyo Iringa, siyo Moshi, siyo Bukoba, hapa nani ananijua? Yona naye aliwaza hivyo. Kule baharini akagundua kwamba Mungu aliyemkimbia ndiye mwenye bahari.

Mji wa wapita njia

Nimekuja kuipenda Bagamoyo kwa sababu mji huu wenyewe ni shule ya jambo hili. Zamani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi waliofika wamechoka waliweka chini pembe za ndovu, wakapumzika wakingoja safari nyingine. Wengi husema jina linatokana na hapo: bwaga moyo, tua mzigo, pumzika. Wengine hulieleza kwa machozi: ni mahali ambapo watumwa walikata tamaa, wakauacha moyo wao nchi kavu kabla ya kupandishwa majahazini. Jina moja, maelezo mawili.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha misioni hapa. Waliwakomboa watumwa, wakawajengea kijiji, wakafundisha ufundi na kilimo. Mwaka 1872 kimbunga kikali kikaipiga Zanzibar na pwani hii, misioni ikapata hasara kubwa. Wakajenga tena. Nenda kwenye makaburi yao utaona: wengi walikufa vijana, umri wangu na wako, homa iliwamaliza. Kwa hesabu ya kibinadamu walikaa kwa muda mfupi mno. Lakini kutokea hapa imani ilikwenda Mhonda mwaka 1877, na mwaka 1890 ikapanda mpaka Kilema, Kilimanjaro.

Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walipita hapahapa. Walikaa kwa muda tu wa kukusanya wapagazi na mizigo, kisha msafara ukaondoka kwenda bara. Februari 1879 wa kwanza wao walifika Uganda. Miaka saba baadaye, mwaka 1886, Karoli Lwanga na wenzake wakafa kwa ajili ya Kristo. Kwa hiyo unapomwomba msimamizi wetu vijana, kumbuka kwamba mapadre wa kwanza waliompelekea watu wake Injili walipumzika kidogo kwenye mji huu wa pwani, wakiwa wapita njia.

Je, si tumeambiwa tusijishikize hapa?

Najua kuna atakayeuliza: Waraka kwa Waebrania hautufundishi kwamba hapa duniani hatuna mji wa kudumu (Ebr 13:14)? Petro mwenyewe hawaiti Wakristo wageni na wapitaji (1 Pet 2:11)? Kwa nini basi nihangaike na mahali pa muda?

Swali ni zuri. Lakini angalia Neno linasema nini kwa watu waliohamishwa kweli. Wayahudi walipokuwa uhamishoni Babeli, nabii Yeremia aliwaandikia barua (Yer 29:4-7). Hakuwaambia wakae juu ya mabegi. Aliwaambia wajenge, wapande bustani, na wauombee heri mji ule ambao haukuwa wao, kwa kuwa heri yake ingekuwa heri yao. Watu wenyewe walikuwa wanangoja kurudi! Mtume Paulo naye, huko Roma, akiwa na kesi isiyojulikana itaisha lini, alikaa miaka miwili kwenye nyumba ya kupanga, kwa gharama yake, na aliwapokea wote waliomjia (Mdo 28:30). Na Bwana wetu mwenyewe alizaliwa safarini, akalelewa kidogo Misri ugenini, na alipokuwa mkubwa hakuwa na pa kulaza kichwa. Je, alipenda nusunusu kwa sababu alikuwa anapita?

Kinachopita ni chumba, mkataba, godoro, na ile ndoo ya plastiki. Upendo ulioutoa ndani ya chumba hicho haupiti. Kwa hiyo kuwa msafiri maana yake ni kutoshikilia vitu; haina maana ya kutowashika watu mkono. Mwenye kujua kwamba siku zake ni chache mahali fulani ndiye anayepaswa kuharakisha kupenda.

Ndiyo maana ile aya ya 23 inanishangaza kila nikiisoma. Watumwa wa Kornelio wamesimama mlangoni, watu wa mataifa. Petro anafanya nini? Anawakaribisha ndani, wanalala. Jamani, si nyumba yake! Mgeni amekuwa mwenyeji. Nafikiri hiyo ndiyo alama kwamba mtu ametulia mahali. Kabati linaweza kungoja. Ametulia yule ambaye mtu mwingine amepumzika kwa sababu yake.

Wiki hii ufanye nini

Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi mimi nakupa jembe, dogo tu.

La kwanza, tafuta dari lako. Chagua kona moja ya chumba, hata kama ni juu ya ndoo iliyofunikwa kanga, weka msalaba na Biblia. Kila siku saa sita mchana, popote ulipo, sali Malaika wa Bwana. Na kama umekaa muda bila kuungama, Jumamosi nenda. Padre wa mji huo hakujui, lakini Yesu anakujua, na huruma yake haina mgeni.

La pili, julikana. Omba barua ya utambulisho kutoka parokia yako, ipeleke unapokaa sasa, uliza jumuiya ya mtaa wako wanasali siku gani na wapi. Usiseme sitakaa sana. Wewe nenda, taja jina lako. Jirani yangu wa chumba cha mwisho sasa tunakwenda naye Jumamosi alfajiri. Mara ya kwanza mwenyekiti alimwomba ajitambulishe, akasimama akataja majina yake matatu yote na ya baba yake juu, wazee wakapiga makofi. Siku hizi akikosa, kuna mtu anapiga simu kuuliza.

La tatu, salimia, na fungua mlango. Huku pwani salamu haina haraka; wape wazee shikamoo, subiri marahaba, uliza habari za nyumbani. Majirani wengi ni Waislamu. Mama wa chumba cha pili, aliyesikia mguno usiku ule akatuamsha, ni mmoja wao. Ndiye aliyekaa hospitali mpaka kukakucha, na Mkatoliki yule hakuwa ndugu yake. Petro alifundishwa kule darini asimwite mtu yeyote najisi. Sisi tumefundishwa hilo na mama huyu, kwa vitendo. Mwombee, na ukipika chakula kizuri mpelekee kibakuli.

Fanya hayo hata kama umebakiza wiki mbili tu uondoke. Hasa kama umebakiza wiki mbili.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyekubali kukaa kwetu kama mgeni, watazame vijana wako walio mbali na nyumbani. Wengine wanalala kwenye vyumba vya kupanga, wengine kwa ndugu, wengine kwa marafiki waliokwisha kuwachoka. Utupe mkate wa leo na kodi ya mwezi. Utuondolee usingizi wa Yona, utupe masikio ya Petro, ili mtu akisimama mlangoni kutuuliza, atukute. Na safari zote zitakapokwisha, utupokee kwenye nyumba ya Baba, ambayo hatutaihama tena.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Mtakatifu Karoli Lwanga, utuombee.

Amina.